Koti la Kulipia Kodi ya Lori

Baba yangu huvaa koti kulipa kodi ya lori. Sijui kama kuna mtu mwingine Kenya hii anayenyoa ndevu, akavaa shati jeupe na koti la kahawia alilofungia ndoa, ili tu akae mbele ya laptopu ya binti yake sebuleni kwake Njoro. Nimemwambia mara nyingi, "Baba, hawakuoni hao." Ananijibu kwamba yeye hajaenda kuomba, ameenda kulipa, na mtu anayelipa hajitokezi kama mtu aliyetoka kukama ng'ombe.

Kwa asiyejua mambo ya malori, kodi yenyewe ni hii. Gari la kubeba mizigo linalipiwa kila mwaka, kulingana na tani linazobeba. Usipolipa, lori halikaguliwi. Lisipokaguliwa, trafiki wa kwanza utakayekutana naye barabarani anakuweka kando, na hapo utakaa. Zamani mtu alipanga foleni ofisini. Siku hizi ni mtandao, na mtandao wenyewe una tabia zake. Ukingoja wiki za mwisho, wakati nchi nzima imekumbuka, kinakuja kile kiduara cha kuzunguka katikati ya skrini, kinazunguka, kinazunguka, chai inapoa, kinazunguka.

Baba alifunzwa adabu na hicho kiduara. Mwaka mmoja, nikiwa bado naishi nyumbani, alingoja kama watu wengine. Tukahangaika saiba, kwenye kompyuta za kulipia, pale Njoro siku nzima na hatukulipa. Kesho yake alikuwa na viazi vya watu Kuresoi, vimeshachimbwa, na mvua iko juu. Akasema ataenda, atawaeleza trafiki, wao pia ni binadamu. Wakamkamata kabla hajaingia Nakuru. Lori likalala uwanja wa polisi na mzigo wake mpaka viazi vikaanza kutoa maji. Aliporudi, mama alimvua nguo nje ya mlango, na bado nyumba ilinuka. Wenye viazi walikuja wakakaa sebuleni bila kusema kitu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Tangu hapo, kwake mambo ya serikali ni ya mapema. Watu wakiwa bado hawajavuna mahindi, baba ameshaanza kujitayarisha. Analiosha lori, chini na juu. Halafu anachukua kopo dogo la rangi nyeupe na brashi nyembamba, anapaka upya zile namba za mlangoni, zile zinazosema lori likiwa tupu lina uzito gani na linaruhusiwa kubeba kiasi gani. Hakuna aliyemwambia kwamba namba zikififia mtandao utajua. Lakini kwake kazi ilikuwa moja: unapaka namba, unavaa koti, unalipa. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Mama alikuwa anasema afadhali huyu na rangi yake kuliko wale wanaolipa polisi.

Halafu kiharusi kikampiga. Alikuwa anashuka kutoka kwa lori, palepale nyumbani, mkono wa kulia ukakataa kushika. Mama alidhani ameteleza. Tulimkimbiza hospitali Nakuru, akakaa, akarudi na upande mmoja. Mkono wa kulia unaning'inia tu, mguu anauburuta, na maneno yanamtoka polepole, moja moja. Akili haikuguswa hata kidogo. Mara nyingine nilitamani ingeguswa kidogo, Mungu anisamehe, maana mtu asiyejua alichopoteza halali akikiangalia dirishani.

Lori likaegeshwa kando ya banda la ng'ombe. Majirani walikuja kuuliza bei, baba akawafukuza kwa mkono wa kushoto. "Nitaendesha," alisema. Daktari alishatuambia mimi na mama, kwenye korido, kwamba hataendesha. Baba hakuwa kwenye korido. Kwa hivyo kila mwaka alinipigia simu nije na laptopu, na kila mwaka nikaja, tukalipa kodi ya lori ambalo haliendi mahali popote. Niliwahi kumwuliza mbona tunalipa. Akasema lori isiyolipiwa ni banda la kuku.

Sikubishana naye. Ningebishana vipi? Mimi nauza mbolea na dawa za mifugo katika duka la mtu pale mjini Nakuru, kutwa nzima nabishana na wakulima wanaotaka dawa ya kupe bila kujua ng'ombe wao ana uzito gani, na nikifika nyumbani Jumamosi sina nguvu ya kubishana na mtu ninayempenda. Tena yeye ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ukiitwa mama na mzee kama yule, ukimkatalia kitu unasikia kama umemnyima mtoto chakula.

Mwaka huu kulitokea jambo la kayaba, ule ua wetu wa miiba. Mama alikuwa ameenda kupeleka maziwa. Baba akavuta kigoda mpaka kwenye lori, akapanda, sijui kwa nguvu gani, akakaa pale kwenye usukani. Funguo zilikuwa zimefichwa, lakini breki ya mkono haifichwi. Akaiachilia. Mwenyewe anasema alitaka tu kusikia ikiachia. Pale kwetu pana mteremko. Lori likashuka kinyumenyume, likapita kwenye ua wa kayaba kama hakuna ua, likasimamishwa na mti wa mbluu gamu, mkaratusi mmoja uliobaki kando ya barabara. Barabara hiyo ndiyo ya shule. Watoto walikuwa wameshapita, wadogo wadogo wale, na mama aliyekuwa akirudi na mkebe wake ndiye aliyeona yote kutoka upande wa pili.

Alinipigia simu akaniambia. Nikasema, "Aki mama, pole." Nikasema tutaweka mawe kwenye magurudumu. Wakaja vijana na trekta wakalivuta lori, wakaweka mawe. Mimi nikajiambia yameisha.

Haukupita muda, baba akanipigia. Mapema kupita mapema zake zote. Mahindi hata hayajatoa ndevu.

"Mama, uje tulipe."

"Baba, hata hawajafungua mwaka."

"Uje tu. Uone kama itakubali."

Nilikasirika kidogo, nasema ukweli. Nilikuwa nimechoka, na ndani yangu nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia kwamba mwaka huu tuache. Lakini nilienda. Nikanunua mkate, nikabeba laptopu, nikafika Njoro ukungu ukiwa umeanza kuondoka kwenye mashamba ya ngano.

Lori lilikuwa limeoshwa. Nikasimama pale langoni nikaliangalia. Kijana wa jirani ndiye aliyeosha, lakini namba za mlangoni alipaka baba mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Zilikuwa zimepinda, moja juu, moja chini, na rangi ilikuwa imetiririka kutoka kwenye namba ya mwisho mpaka kwenye ngazi ya kupandia. Kusema kweli nilitaka kurudi nilikotoka.

Ndani alikuwa tayari. Amenyolewa, na koti limefungwa kifungo kimoja ambacho bila shaka mama ndiye alimfungia. Mama alinisalimia bila kuniangalia, akaenda jikoni. Hilo nilipaswa kuliona, lakini mama yangu ni mtu wa kazi, hata siku ya msiba utamkuta jikoni.

Nikafungua laptopu mezani. Baba akasogea, pumzi yake karibu na sikio langu, inanuka chai na dawa. Nikaingiza namba yake ya kodi, nikaingiza neno la siri. Mtandao ukafunguka. Hakuna kiduara. Nikacheka, nikamwambia, "Leo wameamka vizuri." Baba hakucheka. Nikaenda pale pa kodi ya magari, nikaandika namba ya lori, ambayo naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa, nikabonyeza.

Ikakataa. Iliandika kwamba gari hilo si la mwenye namba hiyo ya kodi.

Nikadhani nimekosea. Nikaandika tena, herufi kwa herufi. Ikakataa, tena haraka, bila hata kufikiri. Nikaenda mahali panapoonyesha magari ya mtu, mahali ambapo miaka yote pamekuwa na mstari mmoja tu, lori la baba. Palikuwa patupu. Hakuna gari.

Nilijua papo hapo si makosa ya mtandao. Lori halihamishwi kwa jina la mtu mwingine mpaka mwenyewe atumiwe namba ya kukubali kwenye simu yake, na mtu aisome, aiingize. Simu ya baba inakaa mfukoni mwa baba. Na mtu pekee anayeweza kumwambia "nisomee hiyo namba" akasoma bila maswali alikuwa jikoni, anamenya viazi.

"Nini?" baba akauliza.

"Inasumbua kidogo," nikasema. "Ngoja nikunywe maji."

Nilimkuta mama ameinamia karai. Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mama, lori iko wapi?"

"Si iko pale nje."

"Usinifanye mjinga. Kwa mtandao haiko."

Aliendelea kumenya. Kisha akakitia kisu ndani ya maji pamoja na kiazi.

"Imenunuliwa na mtu wa Subukia," akasema. "Atakuja Alhamisi. Nilikuwa nikuambie."

"Ungeniambia lini? Ijumaa? Mama, umemwibia mtu mgonjwa!"

Nilisema hivyo. Kwa sauti ya chini, lakini nilisema. Mama akainuka. Ni mfupi kuliko mimi, na siku hiyo niliona amekuwa mfupi zaidi.

"Wewe unakuja Jumamosi na mkate," akasema. "Unalipa lipa hiyo kodi yenu, mnafurahi, unarudi mjini. Mimi ndiye nakaa naye. Usiku nasikia akishuka kitandani nafikiri ameenda kwa lori. Nikienda kupeleka maziwa nafikiri ameenda kwa lori. Siku ile niliona wale watoto migongo yao, umesikia? Niliona mabegi. Mti ungekuwa umekatwa, leo ungekuwa unakuja kuniona jela ama kaburini. Sasa niambie. Ulitaka nifanyeje?"

Nikatoa kisu ndani ya maji, nikampa.

"Ulimwambia namba ni ya nini?" nikauliza.

"Ya hospitali."

Akakaa tena chini, akaanza kulia bila sauti, machozi yanaingia kwenye karai la viazi, na mikono ikaendelea kumenya. Nilikuwa nimekuja na hasira, nikakosa pa kuiweka. Nikamgusa bega, nikatoka.

Kutoka jikoni mpaka sebuleni ni hatua chache tu, na ndani ya hizo hatua nilishaamua. Nitadanganya. Hadi Alhamisi ni mbali, tutatafuta maneno. Leo acha avae koti lake kwa amani.

Nikakaa, nikageuza laptopu kidogo ili asione vizuri, nikabonyeza bonyeza ovyo.

"Imekubali, baba."

Akanigeukia.

"Imekubali nini?" akauliza.

"Kodi. Imeingia. Tumemaliza mapema kuliko Kenya nzima." Nikajilazimisha kucheka.

"Soma."

Nikasoma. Nikasoma kitu ambacho hakikuwepo: namba ya lori, jina lake kamili, tani, na neno asante mwishoni. Nilisoma vizuri kama mtu wa redio. Nilipomaliza aliweka mkono wa kushoto juu ya mkono wangu.

"Mama," akasema, "wewe hujawahi kujua kudanganya. Hata ukiwa mdogo. Ulikuwa unakula sukari halafu unakuja kuniambia hujakula, na iko kwa mdomo."

Nikajikuta napangusa mdomo.

"Haiko, si ndiyo? Imeenda."

Aliangalia skrini, nafikiri hakuiona vizuri, hakuwa na miwani. Kisha akaanza kusema, na kwa vile maneno yanamtoka polepole, ilibidi nikae nisikie kila moja.

Alisema siku ile mama alipokuja na karatasi zake na kumwomba asome namba kwenye simu, yeye hakusoma namba tu. Alisoma meseji yote kwanza. Amesoma meseji za serikali tangu zianze kutumwa. Ilisema wazi kwamba ukitoa hii namba umekubali gari liende kwa mtu mwingine.

"Na ukampa?"

"Nikampa."

"Baba! Kwa nini?"

"Alikuwa anatetemeka," akasema. "Mama yako. Ameshika kalamu, na kalamu inagonga meza. Ungemnyima?"

Nje ng'ombe alikuwa analia, muda wake wa kukamuliwa ulikuwa umepita na hakuna aliyeenda. Nilimwuliza, kama alijua, kwa nini basi ameosha lori. Kwa nini amepaka namba. Kwa nini ameniita nije na laptopu, na koti, na ndevu, kwa nini yote haya.

"Namba nilipaka kwa ajili ya yule mtu atakayeichukua," akasema. "Asisimamishwe huko njiani juu ya namba haisomeki. Lori isiaibike." Akapumzika. "Na wewe nilikuita nijue kama ilikubali."

"Sikuelewi, baba."

"Nilijua itakwama," akasema. "Nilipompa namba, nilikuwa najiambia, huu mtandao naujua mimi. Umenikwamia miaka yote. Nikitaka kulipa, unakwama. Mvua ikinyesha, unakwama. Viazi viliniozea juu ya hii kitu. Nikasema, haiwezi kosa kukwama siku moja mimi nataka ikwame. Ningekuwa nimempa mama yako alichotaka, na lori yangu bado ningekuwa nayo."

Upande mmoja wa uso wake ukajaribu kucheka, ule mwingine haukuweza.

"Ikakubali mara moja," akasema. "Shenzi."

Nililia. Nililia kama mtoto pale mezani, na yeye ndiye aliyekuwa akinipiga piga mgongoni na mkono wake mmoja. Nilimwambia nitampigia mtu wa Subukia, nitamwomba turudishe, nitaenda huko mwenyewe leo leo. Akasema hapana. Nikasema tutapata lori nyingine, ndogo, ya kukaa tu hapo nyumbani, isiyo na injini hata. Aliniangalia kama mtu anayemsikiliza mlevi. Hapo nikaona nilichokuwa nakisema, nikaacha. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Baba alimwona. Alimwambia ng'ombe analia.

Alhamisi niliomba ruhusa dukani nikaja. Mtu wa Subukia alikuwa mtu mzuri, na hilo halikusaidia kitu. Aliingia kofia mkononi, akasema, "Mzee, nitaitunza." Atabebea mahindi na kahawa ya watu wa bondeni. Baba alimpa mkono wa kushoto, akasema sawa. Alikuwa amevaa koti. Mama alikuwa amejaribu kumpa sweta asubuhi, akakataa, akasema leo ni leo.

Nilidhani atataka kwenda nje kuona. Alitaka chumbani. Tukampeleka mimi na mama, tukamketisha kitandani, akasema tufunge dirisha. Tukalifunga. Lakini dirisha la kwetu ni la mbao, linazuia kuona tu, halizuii kusikia.

Tukasikia mawe yakitolewa kwenye magurudumu. Tukasikia injini ikikohoa, ikakataa, ikakataa tena. Nilimwangalia baba. Alikuwa ameinua kichwa, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikutaka kukiona, kwa sababu nilikijua ni nini. Mara ya tatu ikawaka.

Likatoka langoni, likashika ile barabara ya shule, likaanza kupanda. Baba alikuwa anasikiliza, mguu wake mzima ukikanyaga sakafu pale ambapo klachi ingekuwa. Kule juu, kabla ya kona, gia ikalia.

"Ameingiza tatu mapema," akasema. "Ile kilima, tatu ni baada ya kona."

Mama akasema atazoea. Tulikaa vile watu watatu kwenye kitanda kimoja, mpaka sauti ikachanganyika na za magari ya barabara kubwa na hatukuweza tena kusema ni ipi.

Kisha akanigeukia, akainua ule mkono mmoja unaoinuka.

"Nivue hii koti, mama," akasema.